Mama Alipoitwa Kuwa Mgomvi

Alikuja nyumbani kwetu Ijumaa baada ya swala, kanzu yake bado ina alama za pasi, akavua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu. Mimi nilikuwa uani nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipomwona, mchi uliganda mkononi mwangu. Nyumba ya mtu huyu kule Kasuku iliezekwa, wakati wa vita, kwa mabati ya nyumba za avenyu yetu, na sasa alikuwa ameketi kwenye kiti chetu cha plastiki akimwambia mama yangu kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa:

"Dada, nataka uwe mugomvi wangu."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. Alipepeta mpaka pumba zikaisha, ndipo akauweka ungo chini.

"Siku gani?"

"Jumapili, alasiri. Pale ku masomo, mu darasa la watoto."

"Nitakuja."

"Aksanti, dada. Ninajua wewe hausemi uongo."

Akavaa viatu vyake, akaenda. Nilirudi kwenye kinu na nikapiga kwa nguvu mpaka majani yakaruka nje, na mama akaniambia kwamba sombe haikunikosea kitu.

Nieleze, maana mgeni anaweza kudhani tulikuwa tumerukwa na akili. Chama kimoja kiliiachia kata yetu nafasi moja kwenye orodha ya wagombea wa baraza la komine, yaani manispaa, ambalo wajumbe wake tunawaita makonseye. Waliojitokeza kuitaka nafasi hiyo walikuwa watatu, na mtu huyu wa mabati, mwenye nyumba Kasuku lakini mzaliwa wa kata yetu, alikuwa mmoja wao. Tungepeleka majina yote matatu, wakubwa wa chama wangejichagulia wenyewe. Kwa hiyo watu wa kata wakakubaliana: tuwapime sisi kwanza, tutoe mmoja. Na njia ya kuwapima tukaiazima kwenye ndoa.

Kwetu Mikelenge, kijana akija kuposa, wazee wa binti hawaulizi rafiki zake. Rafiki atasema nini? Wanamwambia: tuletee mtu mliyegombana. Huyo mgomvi anaketishwa, anaapa, anasema mabaya yote anayoyajua juu ya kijana, bila kuongeza. Kisha anadaiwa jema moja, nalo liwe la kweli. Wazee wanasikiliza zaidi jinsi mtu anavyogombana kuliko alichogombania. Na ukiombwa kuwa mgomvi wa mtu, huwezi kukataa. Kukataa ni kuficha ukweli, na anayeificha familia ya binti ukweli hataalikwa kwenye harusi yoyote mpaka afe.

Ni desturi nzuri. Nimewahi kuisifu mbele ya wenzangu tunaokutana Jumamosi kusomeana maandishi yetu. Siku ile niliichukia.

Niliichukia kwa sababu ya bonde. Nyuma ya nyumba za kata yetu kuna bonde la mpunga ambalo wanawake wamegawana tangu enzi za bibi zao, mstari wa matete kati ya kipande na kipande, na kila mwanamke anaujua mstari wake kama anavyoyajua meno yake kwa ulimi. Kipande cha mama kilinisomesha. Ndicho kinachomlisha leo. Hana kingine, hana mume, hana duka, ana matope yale na mvua. Na mtu wa mabati alikuwa akisema kwa miaka, kwenye misiba na harusi, kwamba bonde kama lile kulijaza mpunga ni hasara, kwamba pale pangekaa nyumba za maana na kituo cha mafuta. Siku baraza litakapoamua kama bonde likatwe viwanja, makonseye ndio watakaokuwa mezani. Kila mwanamke alilijua hilo. Mama alilijua kuliko wote.

"Mama, ungekataa tu. Ungesema unaumwa."

"Nikimukatalia, atamutafuta muntu wa kumusifu. Afazali mimi."

"Na ukisema jema lake?"

"Nitasema kama liko."

"Liko?"

Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Nilikuwa mtoto wa miaka sita hivi mji ulipofungwa. Msituni walikuwako wenye bunduki, mjini walikuwako wenye bunduki wengine, na sisi tulikuwa katikati kama samaki ndani ya mgono: kuingia mlango uko, kutoka haupo. Treni iliacha kuja. Mwanamke aliyekwenda shambani kuchimba mihogo aliaga kama anayesafiri mbali, na wengine walisafiri mbali kweli. Baba alikuwa ameenda kwenye machimbo ya Kama kutafuta dhahabu kabla njia hazijakatika, na njia zikakatika naye akiwa upande wa pili. Hatukupata mwili wala habari. Mama aliacha kumtaja, lakini aliendelea kuweka kijiko chake sahanini, mpaka siku moja kijiko nacho akakibadilisha kwa mafuta ya mawese.

Chumvi ilikuja kwa ndege. Ndege zilikuwa za wenye bunduki, na chumvi ikishuka ilikwenda kwa watu wachache waliojua kukaa nao meza moja. Mtu wa mabati alikuwa mmoja wao. Sisi wengine tulichoma maganda ya ndizi na matete makavu, tukayachuja majivu kwa maji, tukapikia maji yale. Yaliwasha ulimi. Kuna watu wa umri wangu ambao mpaka leo wakionja chakula chochote hufumba macho kwanza.

Bati moja, kikombe kimoja cha chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yake. Mama alipanda juu ya paa mwenyewe, kitenge kimekazwa kiunoni, akang'oa misumari kwa kisu cha jikoni kwa sababu nyundo tulikuwa tumeshaiuza. Misumari ililia. Sijasikia tena chuma kikilia vile. Kisha alijitwika bati akaenda nalo Kasuku chini ya jua, nalo lilikuwa likipinda na kupiga kelele kila hatua, hata barabara nzima ikajua ni zamu ya nani kukaa bila paa. Mvua zilipokuja tulihamia pembe moja ya chumba, halafu pembe hiyo ikapunguzwa pia. Baba alikuwa ameyapaka mabati yetu rangi nyekundu pembeni. Ukipita leo Kasuku, tazama juu, upande wa nyuma wa ile nyumba: rangi bado ipo.

Hicho ndicho nilichokijua juu ya mtu huyu. Nilikua nacho kama wengine wanavyokua na kovu la ndui.

Jumapili darasa lilijaa. Watu wazima walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kugawanya. Aliyeongoza kikao alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kukohoa, ambaye nusu ya waliokuwamo darasani walipita mikononi mwake wakizaliwa. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alikuwa amewaona wote wakiwa uchi na wakilia.

Wa kwanza alikuwa muuza unga wa muhogo, mama mpole, anayempa salamu hata mbuzi.

"Mugomvi wako iko wapi, mama?"

"Mimi sina mugomvi. Nimepatana na watu wote."

Mkunga alimtazama kwa huruma. "Mama yangu, muntu asiye na mugomvi ni muongo ao ni maiti. Na wewe ninakuona unapumua."

Darasa lilicheka, naye alicheka pia, akajitoa, akarudi kukaa.

Wa pili ndiye niliyemtaka mimi. Mwalimu, kijana, mmoja wetu wa Jumamosi. Anaandika mashairi, na anaweza kuzungumza juu ya bonde lile mpaka ukasikia maji yakitembea. Tulimwambia mara nyingi: mlete shemeji yako. Kila mtu anajua yeye na shemeji yake hawasemezani, na kila mtu anajua shemeji, pamoja na ukali wake, ni mtu wa haki. Alisema sawa. Kisha akaingia na mwalimu mwenzake.

"Mulikosana juu ya nini?" mkunga akauliza.

"Juu ya... mupira," mgomvi akajibu.

"Mupira gani?"

"Ule wa mwaka jana."

"Nani na nani?"

Mgomvi akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama ubao. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma:

"Na shati hilo umevaa, si njo la mwalimu, lake la ndoa? Mimi njo nililipiga pasi!"

"Hee! Muchana wanagombana, jioni wanaazimana mashati!"

"Mwalimu," mgomvi akanong'ona, lakini darasa zima lilisikia, "si nilikuambia nivae langu?"

Watu walipiga madawati. Mzee mmoja alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Mimi sikucheka. Ningelikuwa na nguvu ningelimrushia mwalimu dawati nililokalia. Mtu aliyesoma vitabu vyote vile, anayejua maneno yote yale, alimwogopa shemeji mmoja. Alitaka kutupa ukweli uliokwisha pigwa pasi. Na kwa woga wake huo mdogo, woga wa dakika chache za kutukanwa na mtu anayemfahamu, aliliacha bonde mlangoni akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Alipopita karibu yangu alisema, "Samahani." Samahani hailimi.

Ndipo mtu wa mabati akasimama. Hakuwa na hotuba.

"Mugomvi wangu njo huyu mama," akasema. "Wakati wa vita nilichukua mabati ya nyumba yake. Aseme."

Hata walioning'inia madirishani waliacha kusukumana. Nilielewa wakati ule jinsi alivyokuwa mjanja: wawili walishindwa kwa sababu hawakuleta mgomvi, na yeye alikuwa ameleta mgomvi mkubwa kuliko wote.

Mama akaapa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kama anayesoma orodha ya vyombo vya harusi. Alisema bei ya kikombe. Alisema kikombe chenyewe kilikuwa kimebonyezwa kitako ili kiingize kidogo. Alisema siku aliyomwomba amwachie bati la juu ya kitanda cha mtoto, akajibiwa kwamba mtoto anaweza kusogezwa. Alisema majina ya wanawake wa avenyu yetu waliopeleka mabati, walio hai na waliokufa, na walio hai waliinua mikono walipotajwa. Mtu wa mabati alisimama akiyapokea yote, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha ya hasira. Nilisema moyoni: leo amekwisha.

"Na jema?" mkunga akauliza.

Mama alimtazama mkunga, kisha akanitazama mimi.

"Jema liko," akasema. "Mutoto wangu alipata ugonjwa wa kuhara. Alikuwa amebaki macho tu. Mabati yalikuwa yamekwisha, sikuwa na kitu cha kupeleka. Nilimubeba mugongoni mpaka Kasuku, nikasimama mulangoni kwa huyu baba. Alimutazama mutoto. Akaingia ndani, akatoka na chumvi na sukari, akachanganya na maji yeye mwenyewe, akamunywesha kwa kijiko mpaka jua likashuka. Na kesho tena. Na kesho yake tena. Hakuomba kitu." Akageuka. "Mutoto njo huyu, anatutazama na macho mekundu."

Watu wote waligeuka kunitazama.

Sijui mtu anatakiwa kufanya uso gani akiambiwa jambo kama hilo mbele ya darasa zima. Wangu ulikataa kufanya chochote. Nilijisikia kama bati: nimeng'olewa mahali pangu, nimebebwa kichwani mbele ya watu, nimetandazwa juu ya nyumba ya mtu yule ili asinyeshewe.

Nikasimama, kwa sababu kukaa kulinishinda.

"Na bonde je, papa?"

Akanitazama kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko tusi.

"Binti yangu, bonde ni la mama zenu. Sitaligusa. Wallahi."

"Umesikia, umeapiwa, kaa," mtu akasema nyuma yangu.

"Mwizi tunayemujua afazali kuliko malaika tusiyemujua," akasema mwingine, na vichwa vikatikisika kukubali, vichwa vya watu waliolala chini ya mvua. Mkunga akaita mikono. Mikono ikainuka. Baadhi ya wanawake waliotajwa na mama waliinua pia. Mama mwenyewe hakuinua, wala hakumkataza mtu.

Njiani tulitembea yeye mbele, mimi nyuma.

"Ulinificha."

"Sikukuficha. Hukuuliza nani alikuponyesha. Uliuliza mabati tu."

"Kwa nini ulilisema leo? Leo, mama! Ungetafuta jema lingine. Ungesema anasali. Ungesema ana meno mazuri."

"Niliapa."

"Na yeye hakuapa? Ataliuza bonde, na wewe njo utakuwa umemuuzia!"

Akasimama. Mama yangu ni mfupi, lakini akisimama barabarani pikipiki humzunguka.

"Sikiliza. Mimi nilisema kweli yote. Walisikia kweli yote. Mikono ile haikuwa yangu."

Nilikuwa na hasira nyingi siku zile, na sikuwa na mahali pamoja pa kuzielekeza. Nilimkasirikia mwalimu na shati lake. Nilikasirikia desturi, ambayo inamdai ukweli aliyeumizwa, kisha inampa aliyeumiza kiti akae ausikilize. Anayeongopa hushindwa, anayeiba na kukiri huitwa mkweli. Niliwakasirikia watu wangu, ambao njaa iliwafundisha kushukuru kiasi kwamba mtu akiwapokonya kumi na kuwarudishia kimoja, wanakumbuka mkono uliorudisha. Na zaidi ya yote nilikasirika kwamba ninaishi. Si kwamba nilitaka kufa. Nilikasirika kwamba uhai wangu, kitu pekee nilichodhani ni cha kwangu, ulikuwa umetumika kama kampeni.

Jina la mtu wa mabati likapelekwa. Picha yake ikabandikwa kwenye kuta za Kasuku na Mikelenge, akitabasamu.

Vigingi vilionekana siku ya pili ya Idi. Vilikuwa vimechomekwa siku ya sikukuu yenyewe, wanawake wakiwa majumbani wanapika pilau na kupokea wageni. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Mama alishuka bondeni asubuhi na mbegu zake ndani ya kibuyu, mimi nyuma yake na jembe, tukavikuta: vijiti vilivyochongwa, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu, vimepita katikati ya vipande bila kujali mistari ya matete. Kimoja kilikuwa katikati kabisa ya kipande chetu.

Nilitaka kupiga kelele. Mama aliweka kibuyu chini mahali pakavu, akakaza kitenge, akakishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa kushoto, kulia, akaking'oa. Akahamia kingine. Hakuangalia kama kipo kwake au kwa jirani. Wanawake waliokuwa wakishuka walisimama, wakaona, wakaweka vikapu vyao chini nao.

Mtu wa mabati alikuja kwa pikipiki ya kukodi, aliitwa na nani sijui. Alisimama kwenye ukingo, hakutaka viatu viingie matopeni.

"Dada! Hivyo si vyangu. Ni vya ofisi."

"Ofisi gani inafanya kazi siku ya Idi?" mama akauliza, akiendelea.

"Ni kupima tu. Kupima si kuuza."

"Hata mabati ulianza kwa kuyagonga, ukisema unapima tu," akasema muuza unga wa muhogo, yule mpole asiye na mgomvi, na alikuwa na vigingi viwili kwapani. "Leo nimemupata wangu!" akawaambia wenzake, nao wakapiga vigelegele.

"Dada, tusigombane mbele ya watu. Wewe mwenyewe ulinisemea jema."

Mama alinyoosha mgongo. Matope yalikuwa yamemfika magotini.

"Niliulizwa moja, nikatoa moja. Sasa tukitoka hapa tunaenda kwa mukunga, afungue darasa. Na wewe ukuje. Nitaapa tena."

"Jina limeshapelekwa."

"Litarudi kwa njia ile lilipitia."

Alinitazama mimi, nadhani akitafuta kijiko na sukari kwenye uso wangu. Nilimtazama pia. Nilitaka kumwambia asante, kwa sababu ni haki yake, na nilitaka kumwambia ondoka, kwa sababu ni haki yetu, na hasira yangu haikutaka moja litangulie lingine. Nikainama nikashika kigingi. Kilikuwa kimepigwa ndani zaidi ya nilivyodhani. Nilikivuta mpaka viganja vikachubuka, nikaanguka chali nacho, na wanawake wakanicheka, na nikakasirika nao pia.

Alikuwa bado amesimama ukingoni. Dereva wa pikipiki alimuuliza kama wanaondoka au wanabaki.

Nilianza kufukia shimo kwa mguu. Mama akanizuia.

"Wacha. Limeshachimbwa, tusilipoteze."

Akachukua kibuyu, akahesabia punje chache za mpunga kiganjani, akazidondosha ndani ya shimo, akalifunika kwa kisigino, akaenda kwenye lingine.